Video ya Kupita na Video ya Kukaa

Katikati ya miaka ya 1990, wanafunzi wa École Centrale Paris walikuwa na kilio kimoja: mtandao wa mabweni yao ulikuwa mzito mno kwa michezo ya kompyuta. Chuo hicho cha uhandisi, ambacho siku hizo kilikuwa Châtenay-Malabry, kusini mwa jiji, kiliwaachia wanafunzi wenyewe kuendesha mtandao huo kupitia chama chao kilichoitwa VIA. Nyaya zilikuwa za mtindo wa zamani, ambao kompyuta hupokezana zamu ya kusema, na mchezaji wa Doom aliweza kuuawa kabla zamu yake haijafika. Chuo hakikuwa tayari kutoa fedha ili vijana wapigane risasi vizuri zaidi. Kiliwaambia watafute wafadhili nje.

Wakaenda kwa kampuni ya Bouygues, na huko wakakutana na wazo ambalo halikuwa lao. Badala ya kila chumba kuwa na dishi lake la setilaiti, lifungwe dishi moja kubwa, kisha picha za televisheni zisafirishwe kwenye mtandao mpaka kwenye kompyuta za mabwenini. Kazi hiyo ingehitaji mtandao wenye kasi, na safari hii sababu yake ingekuwa ya heshima. Mradi ukaanza mwaka 1996, ukiwa na programu mbili: moja ya kurusha, iliyokaa kwenye seva, na nyingine ya kupokea, iliyokaa kwa mwanafunzi. Hiyo ya kupokea ndiyo VideoLAN Client, ambayo dunia inaijua kwa herufi zake tatu, VLC. Kundi jingine la wanafunzi liliiandika upya kuanzia mwaka 1998, na tarehe 1 Februari 2001 chuo kikakubali itolewe bure pamoja na msimbo wake wote, chini ya leseni ya GPL. Ile koni ya rangi ya chungwa tunayoibonyeza ilitokana na koni za barabarani ambazo vijana wa VIA walikuwa na tabia ya kuzikusanya, kwa njia ambazo nadhani si lazima kuzichunguza.

Kwa hiyo VLC ilizaliwa kwa ajili ya video ya kupita: picha inafika, inaonekana, inapotea, wala haiachi kitu kwenye diski. Kinyume chake ni video ya kukaa, yaani faili ulilonalo mkononi. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokutana na VLC waliitumia kwa hii ya pili, kuchezea filamu kutoka kwenye flashi au kadi. Kuvutana kwa video ya kupita na video ya kukaa kumeiongoza historia yote ya video kwenye simu, na mara nyingi mwamuzi amekuwa mtandao mbovu.

Upande wa pili wa Atlantiki, mjini Seattle, Rob Glaser alikuwa ameondoka Microsoft na kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa RealNetworks. Aprili 1995 alitoa RealAudio, na Septemba mwaka huohuo mechi ya besiboli kati ya Seattle Mariners na New York Yankees ilisikika moja kwa moja kwenye intaneti kupitia programu hiyo. Mwaka 1997 ikaja RealVideo. Mwaka uliofuata watu watatu, Henning Schulzrinne wa Chuo Kikuu cha Columbia, Anup Rao wa Netscape na Rob Lanphier wa RealNetworks, walichapisha itifaki inayoitwa RTSP. Ilifanya kazi kama rimoti ya televisheni: pleya yako iliiambia seva cheza, simama, maliza, nayo seva ikatii. Video yenyewe ilimwagwa vipande vipande bila kusubiri uthibitisho kwamba kila kipande kimefika. Kilichopotea njiani kimepotea, picha inaendelea. Ilikuwa kazi ya kiungwana sana, na walioibuni waliamini kwamba ndiyo njia sahihi ya kupeleka video. Hata mimi nikiisoma leo naona uzuri wake. Tatizo lilikuwa barabara ambazo ingepitishwa.

Simu iliingia kupitia Japani. Tarehe 1 Oktoba 2001 kampuni ya NTT DoCoMo ilifungua FOMA, mtandao wa kwanza wa kibiashara wa kizazi cha tatu duniani kwa teknolojia ya W-CDMA, na video zikawa mojawapo ya vitu ambavyo mteja aliahidiwa. Uingereza, kampuni iliyojiita 3 ilianza tarehe 3 Machi 2003, na chambo chake kikubwa kilikuwa klipu za magoli ya Ligi Kuu. Nokia nao walianza kuweka pleya ya RealNetworks ndani ya simu zao. Nokia 3650, ile yenye vibonye vilivyopangwa kwa duara, ilitoka kiwandani ikiwa nayo mwaka 2003, pamoja na uwezo wa kurekodi klipu fupi.

Ili video itoshe kwenye simu hizo ilibidi ibanwe kwa nguvu. Jumuiya ya viwango ya 3GPP, iliyoundwa Desemba 1998, ilituachia faili la 3GP, na ndani yake picha nyingi zilibanwa kwa H.263, kodeki (yaani kanuni ya kubana na kukunjua video) iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya simu za video zenye kutumia nyaya za simu za kawaida. Kipimo cha kawaida kilikuwa pikseli 176 kwa 144, yaani pikseli 25,344 kwa picha nzima. Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 inabeba zaidi ya mara 80 ya hizo. Sauti nayo ilibanwa kwa AMR, kodeki ya mazungumzo ya simu. Wanaozikumbuka klipu za 3GP wanakumbuka jinsi mwimbaji alivyosikika kama anayepiga simu kutoka kijijini. Masikio hayakuwadanganya: kodeki ile ilikuwa inatafuta sauti ya mtu anayeongea, na kinanda na ngoma haikujua la kuzifanyia.

Hata baada ya kubanwa hivyo, hesabu haikukubali. Chukua wimbo wa dakika 3 uliobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Unakuwa na uzito wa takriban megabaiti 1.44. Kwa mtandao wa GPRS unaotoa kilobiti 40 kwa sekunde, siku ukiwa na hali nzuri, wimbo huo unahitaji karibu dakika 5 kushuka. Video ya dakika 3 inayofika kwa dakika 5 haiwezi kutazamwa inapopita. Lazima isimame njiani, na kusimama ndiko tulikokujua sote: duara linazunguka, mdomo wa mwimbaji uko wazi, sauti imekatika.

Wakati huo YouTube ilikuwa imeshafika. Jina lake la mtandaoni lilisajiliwa tarehe 14 Februari 2005, video ya kwanza ya Jawed Karim akiwa mbele ya tembo wa San Diego ikapandishwa tarehe 23 Aprili, na Oktoba 2006 Google ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.65. Kwenye kompyuta ilitegemea Flash, programu ambayo simu nyingi hazikuwa nayo au hazikuimudu. Juni 2007 YouTube ikafungua mlango wa simu, kwanza kwa video chache zilizochaguliwa, kisha Januari 2008 kwa sehemu kubwa ya ghala lake. Video hizo zilitengenezwa upya kwa 3GP na kupelekwa kwa RTSP. Mwenye Nokia alibonyeza kiungo, kivinjari kikamkabidhi RealPlayer, RealPlayer akauliza apite njia gani ya intaneti, kisha kuanzia hapo ikawa bahati yako.

Mara nyingi bahati haikuwepo. RTSP ilitaka seva iweze kumwaga data kuelekea kwenye simu kwa njia yake maalumu, lakini kampuni za simu zilikuwa zimewaweka wateja nyuma ya malango yaliyojua kurasa za kawaida za intaneti tu. Mipangilio ya simu ikikosewa kidogo, pleya iliunganisha, ikangoja, ikakata tamaa bila kueleza kosa. Ukurasa wa maandishi ulifunguka, video ikagoma, na mwenye simu akailaumu simu.

Steve Jobs alikuwa na njia nyingine. iPhone ilipoingia madukani tarehe 29 Juni 2007 haikuwa na Flash kabisa, wala haikupata kuwa nayo. Badala yake Google ilianza kuziandaa upya video za YouTube kwa kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ambayo chipu ya simu ile iliweza kuikunjua bila kumaliza betri. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2010, Jobs aliandika barua ya wazi kuishambulia Flash. Novemba 2011 Adobe ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena kwenye vivinjari vya simu. Mambo mengi yamesemwa juu ya ugomvi ule, mengine ya haki na mengine ya biashara tupu, lakini kwa mtu mwenye simu ulikuwa na matokeo yanayoshikika: kuanzia hapo video zikawa zinaandaliwa kwa kufuata kile ambacho chipu ya mkononi inaweza.

Halafu zikaja wiki sita za mwaka 2009 ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizoamua mengi. Tarehe 17 Juni Apple walitoa toleo la 3.0 la programu endeshi ya iPhone, likiwa na mtindo mpya wa kutiririsha unaoitwa HLS, ambao jina la Roger Pantos limeandikwa kwenye vielelezo vyake. Tarehe 7 Julai VLC ikafikisha toleo la 1.0, miaka 13 tangu mradi uanze. Na tarehe 23 Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Watu wa mambo haya matatu hawakuwa wamepatana lolote.

HLS iliiweka kando rimoti yote ya RTSP. Pantos na wenzake walichukua video, wakaikata vipande vya sekunde kama 10 kila kimoja, wakaviweka kwenye seva ya kawaida kabisa kama mtu anavyoweka picha, kisha wakaandika orodha inayosema kipande kipi kinafuata kipi. Simu inasoma orodha na kuomba vipande kwa zamu, kwa njia ileile ya kuombea ukurasa wa gazeti. Malango ya kampuni za simu hayakuona kitu kigeni. Kila kipande kiliwekwa kwa ubora tofauti, kizito na chepesi, hivyo mtandao ukilegea simu inaomba chepesi, ukichangamka inaomba kizito. Haba na haba, picha inaharibika kidogo lakini haisimami. Microsoft na wengine walikuwa kwenye njia hiyohiyo, na mwaka 2012 kikachapishwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa DASH. Angalia walichofanya: ile video ya kupita waliigeuza ikawa rundo la mafaili madogo yanayokaa. Itifaki ya kiungwana ilishindwa na kazi ya kukatakata.

Turudi pwani. Kabla ya mwaka 2009 Kenya na Tanzania hazikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja, na safari ya data kwenda Ulaya ilipanda setilaiti na kushuka tena, kwa gharama iliyomtisha hata mwenye ofisi. Lakini video za simu zilikuwepo tele. Zilitembea bila intaneti. Bluetooth ilikuwa na kasi kuliko GPRS, tena haikulipiwa, hivyo klipu ya megabaiti 1.44 ilihama kutoka simu hadi simu kwa chini ya dakika moja. "Kaka, nirushie hiyo" ilisikika kwenye daladala, kwenye baraza za msikiti baada ya darsa, na nyuma ya darasa la kidato cha nne. Vichekesho vya Ze Comedy, harusi za watu tusiowajua, mahubiri, mapigo ya mpira: vyote vilipita mkono kwa mkono, kila kimoja kikiwa na jina la faili lililoandikwa vibaya na mtu wa kwanza aliyekirusha.

Mwenye haja ya vingi zaidi alikwenda kwa kijana wa kujaza memori kadi. Kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam mpaka Luthuli Avenue jijini Nairobi, na katika kila mji mdogo wenye umeme, palikuwa na meza yenye kompyuta moja, kisomea kadi, na mafolda yaliyopangwa: Bongo Flava, Taarab, Za Kikongo, Injili, Ngumi, Za Watoto. Kazi yake ya ufundi haikuwa ndogo. Filamu aliyoitoa kwenye DVD ilibidi aibane upya kwa programu kama Format Factory ili simu ya mteja iikubali, na alizijua simu kwa tabia zake: hii inataka 3GP, hii inakula MP4 mradi isizidi upana fulani, hii ya Kichina inacheza AVI lakini sauti itawahi kuliko midomo. Wateja wake wengi walikuwa na simu hizo za Kichina, zenye laini mbili na antena ya televisheni ya kuvuta, ambazo ziliwezekana kwa sababu kampuni ya MediaTek ya Taiwan iliuza chipu ikiwa na programu yake yote tayari, na kiwanda chochote cha Shenzhen kikabaki na kazi ya kutengeneza ganda. Waliokuwa na vifurushi kidogo waliingia kwenye tovuti za Waptrick au Tubidy, ambako video zilikuwa zimeshabanwa kwa vipimo vyao.

Katika vibanda vya video, vile ambavyo Dar es Salaam huitwa vibanda umiza, filamu za nje zilikuwa zikisimuliwa kwa Kiswahili na mafundi wa maneno, na nchini Kenya sauti ya DJ Afro ilikuwa na wapenzi ambao hawakujali kabisa nyota wa filamu ni nani. Sauti hizo nazo zikahamia kwenye kadi. Mtu wa Voi akiwa kitandani aliweza kuangalia filamu ya Kihindi yenye masimulizi ya Nairobi kwenye simu iliyotengenezwa China. Wasanii na wenye filamu hawakupata hata senti kwa mzunguko huu, na hilo lisifunikwe na mapenzi ya kukumbuka zamani. Tanzania ilipoanza mwaka 2013 kudai stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu, sehemu kubwa ya biashara ilikuwa imeshaachana na diski na kuhamia kwenye kadi isiyo na mahali pa kubandika stempu.

Simu za Android zilipoanza kushuka bei, mambo yalibadilika kwa haraka. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Safaricom iliuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, bei ambayo wakati huo simu janja haikuwa imewahi kufika. Baadaye Tecno wakatapakaa. YouTube ikawa imekuja ndani ya simu, na mkongo umefika ufukweni, lakini bando lilibaki kuwa bando. Saa moja ya video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula megabaiti 225, na kifurushi cha siku cha mtu wa kawaida kilikuwa hakifiki nusu ya hapo. Hivyo kadi ya memori haikustaafu. Kilichobadilika ni kwamba sasa simu yenyewe iliweza kupewa pleya mpya.

Hapo ndipo MX Player ilipopata ufalme wake. Ilitolewa mwaka 2011 na wataalamu wa Korea Kusini, na sifa yake ilikuwa kuchagua. Pleya iliyokuja na simu ilitegemea chipu maalumu ya video. Faili ambalo chipu haikulijua lilikataliwa kwa ujumbe mfupi kwamba video hii haiwezi kuchezwa. MX Player ilimpa mtumiaji kibonye: ikunjue kwa chipu, au ikunjue kwa nguvu ya programu, ukubali betri iliwe. Vijana wasiojua lolote kuhusu kodeki walijifunza kwamba picha ikija nyeusi huku sauti ipo, unabonyeza kile kibonye cha pembeni kulia. Mwaka 2018 kampuni ya Times Internet ya India iliinunua na kuanza kuigeuza kuwa huduma ya kutiririsha tamthilia, na mwaka 2024 ikahamia mikononi mwa Amazon. Pleya ya mafaili iligeuzwa mlango wa video ya kupita.

VLC ilichelewa kufika kwenye simu, na kuchelewa kwake ni kisa chenyewe. Septemba 2010 kampuni ya Kifaransa ya Applidium iliiingiza kwenye duka la Apple. Mmoja wa waandishi wa VLC, Rémi Denis-Courmont, akalalamika kwamba masharti ya duka hilo yanapingana na leseni ya GPL: GPL humpa kila mtu haki ya kunakili na kugawa, duka la Apple humwekea mtumiaji mipaka. Januari 2011 ikaondolewa. Wenzake kadhaa hawakufurahi, na watumiaji hawakufurahi kabisa. Ili irudi, ilibidi viongozi wa mradi wabadilishe leseni, na kwa sababu msimbo ulikuwa umeandikwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, Jean-Baptiste Kempf na wenzake walianza kuwasaka mmoja mmoja kuomba ridhaa. Ilirudi Julai 2013. Kwenye Android toleo la majaribio lilitoka mwaka 2012, na lile la kuaminika Desemba 2014. Lilikuja na tabia ya VLC ya tangu zamani: halikatai faili, hata ambalo halijamaliza kupakuliwa. Pia lilikuja na kitu ambacho wengi hawakukigusa, sehemu ya kubandika anwani ya mtandao na kutiririsha moja kwa moja, RTSP ikiwemo. Kazi ya kwanza ya bweni la Châtenay-Malabry ilikuwa imejificha ndani ya menyu.

Kuikunjua video kuna hatari zake. Julai 2015 mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza kwamba Stagefright, sehemu ya Android inayosoma mafaili ya video na sauti, ilikuwa na kasoro zilizoruhusu mshambuliaji kuingia kwenye simu kwa kutuma ujumbe wenye video iliyochezewa makusudi. Kwenye simu nyingi mwenye simu hakuhitaji hata kuufungua, kwa kuwa simu iliichungulia video ili imtayarishie. Zimperium ilikadiria kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Tukio hilo ndilo lililoisukuma Google kuanza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Simu za bei ya chini, zile zilizojaa mitaani kwetu, nyingi hazikuwahi kuyapata.

Kwenye YouTube muziki wa Bongo Flava ulikuwa umepata uwanja mkubwa kuliko kadi yoyote. Video ya marudio ya "Number One" ya Diamond Platnumz akiwa na Davido, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2014, iliwaonyesha wasanii wa Dar es Salaam kwamba hesabu za watazamaji zinaweza kuwa mtaji. Zikafuata zile ziitwazo televisheni za mtandaoni, zenye mwandishi mmoja, kamera moja na kipaza sauti chenye rangi. Serikali ya Tanzania iliziona mapema kuliko wengi: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka waendeshaji wake wawe na leseni kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na kulipia ada. Video ya kupita ilikuwa imekuwa jambo la dola.

Mwaka huohuo Google walileta jibu lao kwa nchi za bando dogo. YouTube Go, iliyoanzia India, ilisambazwa Februari 2018 kwenye nchi zaidi ya 130. Ilikuonyesha picha chache za video kabla hujaichagua, ikakuambia itakula megabaiti ngapi kwa kila kiwango cha ubora, ikakuruhusu kuihifadhi, na ikaweza kumrushia video mwenzako aliye karibu bila kutumia bando. Yaani wahandisi wa kampuni tajiri kuliko karibu zote duniani walikuwa wametengeneza kile kilichokuwa kikifanyika kwenye meza ya kijana wa kujaza kadi, pamoja na Bluetooth ya nyuma ya darasa, isipokuwa faili lilifungwa lisitoke nje ya programu. Agosti 2022 wakaifunga, wakieleza kwamba YouTube ya kawaida sasa inaenda vizuri kwenye simu dhaifu. Sikuona vurugu yoyote ya kuiaga. Waliokuwa wanarushiana walikuwa wanatumia programu ya Xender siku zote.

Kilichobaki ni kodeki. Mwaka 2018 muungano wa kampuni uliozijumuisha Google, Amazon, Netflix na wengine ulitoa AV1, inayobana video kuliko H.264 kwa kiasi kikubwa na isiyodai ada ya hataza. Kwa mwenye simu ni neema ya bando: picha ileile kwa megabaiti chache. Kwa chipu ya simu ya bei nafuu ni mzigo, kwani chipu nyingi hazikutengenezwa kuikunjua, na kazi inaangukia kwenye programu. VideoLAN, shirika lililotokana na ule mradi wa wanafunzi, likaanza mwaka huohuo wa 2018 kuandika mkunjuaji wa AV1 uitwao dav1d, likiandika sehemu zake muhimu kwa lugha ya chini kabisa ya chipu, mstari kwa mstari, ili simu ya kawaida imudu. Kempf na wenzake wanaendelea kutoa VLC bila matangazo, na amewahi kusema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro. Januari 2025 walitangaza kwamba imepakuliwa mara bilioni 6.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Google iliingiza dav1d ndani ya Android yenyewe, kwa simu za toleo la 12 na kuendelea, na YouTube ikaanza kuitumia kwenye simu zisizo na chipu ya AV1. Mtu anayefungua YouTube kwenye simu kama hiyo, akiamini hana uhusiano wowote na ile koni ya rangi ya chungwa, huenda picha anayoitazama inakunjuliwa na kazi ya watu wa koni. Malalamiko nayo yalikuja: bando linadumu, ndiyo, lakini betri inaisha.